Kupokea wageni Juni na Julai ukiwa na mtoto anayejifunza kutembea

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti kimo hicho tunakisikia mwilini. Meru unajificha kwenye mawingu asubuhi nzima, nguo hazikauki, usiku nyuzi zinashuka hadi 12 au 13. Moshi mjini kuna nafuu, ila panda Kibosho au Marangu uone. Na ndiyo miezi ya wageni: shule zimefungwa, Sabasaba inakuja, Nanenane inafuata.

Kazi yangu ni kulea watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Baridi yetu hii mtoto aliyevaa vizuri anaihimili. Kinachomdhuru ni namna tunavyoikimbia: madirisha yamefungwa, jiko la mkaa liko sebuleni, na watu saba wanakohoa chumba kimoja. Hatua zote hapa chini zinalenga kuzuia hilo.

Hatua ya 1: Panga saa, uliza afya

Waalike waje saa tano asubuhi, ukungu ukishaondoka, na waondoke kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtoto wa umri huu hulala mara moja mchana, baada ya kula. Akilala, hapo ndipo mtaongea ya watu wazima kwa utulivu.

Kumwambia mgeni asije ni kugumu kwetu, kwa hiyo piga simu siku moja kabla: "Wifi, wazima huko? Hakuna mwenye mafua? Kama yupo tusogeze wiki ijayo, huyu mdogo akishikwa hatulali." Anayekupenda atakuelewa.

Hatua ya 2: Mvalishe nguo juu ya nguo

Fulana ya pamba mwilini, sweta juu, soksi, na mzula mnapotoka nje. Mitumba ya soko la Kilombero, au la Memorial kwa wa Moshi, inatosha kabisa. Kujua kama anasikia baridi, mguse mgongoni au kifuani, usimguse viganja, maana viganja vya watoto huwa vya baridi hata wakiwa sawa. Mgongo ukiwa na jasho, punguza nguo. Bibi akitaka kuongeza blanketi, usibishane naye. Sema, "Mama, hebu mguse hapa mgongoni."

Hatua ya 3: Jiko libaki nje

Hapa naomba usome taratibu. Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Wengi tunaamini jiko likishakolea, makaa mekundu, moshi hakuna, basi ni salama kuingiza ndani. Si salama. Moshi umeisha, hewa hiyo bado inatoka. Mtoto anapumua haraka kuliko wewe, hivyo inamwahi. Mtu mzima atalalamika kichwa na kizunguzungu. Mtoto atalegea tu, na utadhani kachoshwa na wageni. Ukiona hivyo na jiko liko ndani, watoe wote nje mara moja, kisha hospitali.

Washa jiko uani, pika huko, ingiza chakula peke yake. Sebule ipashe joto kwa njia nyingine: tandika mkeka na blanketi nzito juu yake, kwa sababu sakafu ya saruji ndiyo inayomnyonya mtoto joto, weka pazia zito upande wa upepo. Upande wa pili acha dirisha wazi upana wa kiganja. Watu wakijaa chumba kinapata joto chenyewe, na hiyo nafasi ndogo inapunguza kupeana mafua.

Hatua ya 4: Chai na chakula

Chupa ya chai ikae juu ya kabati, kamwe isiwe kwenye stuli. Ondoa kitambaa cha meza kinachoning'inia, kwani anayejifunza kusimama hushika chochote. Mwombe mgeni amalize kikombe ndipo ampakate mtoto. Akiungua, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai.

Karanga nzima na bisi wasipewe watoto walio chini ya miaka mitano, zinakaba koo. Pika mtori: ndizi na nyama vikiiva na kupondwa, mgeni na mtoto wanakula chungu kimoja. Chota sehemu ya mtoto kabla hujakoleza chumvi.

Hatua ya 5: Mlangoni

Beseni, jagi la maji ya vuguvugu na sabuni. Kila anayeingia ananawa kabla ya kumshika mtoto.

Mtoto akijificha nyuma ya gauni lako, mwache. Umri huu kuogopa sura ngeni ni kawaida. Mgeni akae mkekani na sufuria na mwiko, atafuatwa mwenyewe. Shikamoo ataitoa akizoea.

Hatua ya 6: Wakishaondoka

Fungua madirisha yote kwa muda mfupi, osha vitu alivyochezea mtoto. Akianza kukohoa siku zinazofuata, mfunue fulana akiwa ametulia au amelala, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni dalili ya nimonia. Chini ya mwaka, kuanzia miezi miwili, ni 50. Pumzi zikifika hapo, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au asipoamka vizuri, usingoje kupambazuke.

Asali kwenye chai ya tangawizi ni kwa aliyetimiza mwaka tu. Angalia pia kadi ya kliniki kama chanjo ya nimonia, ya wiki ya 6, 10 na 14, ilikamilika. Na mtoto akiugua, wapigie wageni waliokuja na watoto, ili nao waanze kuhesabu pumzi za wa kwao.