Gitaa la pili kwenye bendi ya punk: ukihamia bendi mpya

Mpiga gitaa Pat Smear alipokuwa bendi ya punk ya Germs, huko Los Angeles, gitaa lilikuwa lake peke yake. Mwaka 1993 akaingia bendi ya Nirvana na kumkuta mwimbaji wake, Kurt Cobain, ameshashika gitaa. Baadaye akahamia bendi ya Foo Fighters. Ukitaka kuhama hivyo bila kuaibika, uliza bendi inatyuni vipi kabla hujaomba orodha ya nyimbo.

Nirvana, kwa mfano, jukwaani walipiga nyimbo nyingi wakiwa wameshusha nyuzi zote nusu toni. Nyuzi za 10–46 (unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi) hulegea kwenye tyuni hiyo, na mkono mzito wa punk ukizichapa, noti inaruka juu kabla ya kutulia. Funga 11–49, mvutano utarudi karibu na ule uliouzoea. Zivute kwa vidole, tyuni tena, rudia mara 3 au 4 hadi ziache kushuka. Kisha linganisha noti ya freti ya 12 (freti ni vipande vya chuma kwenye shingo ya gitaa) na oktava ya uzi mtupu, yaani usioshikwa: ya freti ikiwa juu, sogeza kitandiko, kipande ambacho uzi hukalia kwenye daraja la gitaa, kiende nyuma; ikiwa chini, kilete mbele.

Kazi kubwa iko mkono wa kulia. Johnny Ramone, mpiga gitaa wa bendi ya Ramones, alichapa kwa kushusha mkono tu. Kwenye kasi ya mapigo 180 kwa dakika, noti mbili kila pigo, hiyo ni michapo 6 kwa sekunde. Anza metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 120, uongeze 5 pale tu unapomaliza dakika 3 bila kukakamaa. Kigasha kikiwaka moto ujue unachapa kwa kiwiko. Rudi nyuma 10, uachie kifundo cha mkono. Wengi hudanganya kwa kuchanganya na michapo ya kupandisha. Inasikika: hiyo huwa myepesi, na wimbo unachechemea.

Usipige kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ileile mahali palepale na mpiga gitaa mwenzako. Akishika A kwenye freti ya 5 ya uzi wa 6, wewe ishike kwenye freti ya 7 ya uzi wa 4, oktava moja juu.

Mkwaruzo wa amplifaya upunguze kuliko unavyopenda ukiwa peke yako nyumbani, sauti za kati uziongeze. Rekodi mazoezi kwa simu iliyowekwa katikati ya chumba. Kama husikii kodi inapobadilika, punguza tena.