Kabla ya intavyuu, andika unachokithamini

Wewe unayesimama mbele ya kioo asubuhi ya intavyuu unajiambia "mimi ni bora" mara kumi, kama hujiamini hiyo inaweza kukugeukia, mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake Kanada walilipima 2009 wakakuta wenye kujithamini kidogo walijisikia vibaya zaidi. Afadhali shika karatasi dakika chache, andika kitu unachokijali kweli, familia, dini, hata bustani yako ya mchicha, na kwa nini. Marekani, 2005, mwanasaikolojia David Creswell na wenzake waliwatoa watu jasho kwa hotuba na hesabu za kichwa, waliotafakari kwanza wanachokithamini kotisoli yao, ile homoni ya stresi, haikupanda kama ya wenzao. Ila usiandike kuhusu kazi unayoiomba, utajitia presha upya.