Pima Kwanza, Ndipo Utoboe Tufe la Bolingi

Keekee isubiri. Rusha tufe lako la zamani, na likirudi usilipanguse: ile michirizi ya mafuta ya njia ya bolingi ndiyo itakayokuonyesha ncha ya mhimili wako, yaani nukta ambayo tufe huizunguka likitoka mkononi. Kutoka hapo pima hadi alama ya pini, ile nukta ndogo kwenye tufe inayoonyesha kilele cha kiini, uzito ulio ndani. Ikiwa kama inchi 3 3/8, kiini huyumba sana, michirizi hutawanyika, kila mzunguko ngozi ya tufe isiyo na mafuta hugusa sakafu, na tufe hukata kona kwa nguvu. Ikikaribia 0 au 6 3/4, michirizi hulaliana na tufe hunyooka. Hilo nalipenda kwa kuangusha pini zilizosalia baada ya mrusho wa kwanza.

Alama ya pini ikiwa juu ya matundu ya vidole kwa kawaida huchelewesha kona.

Ukisikia tak-tak-tak tufe likienda, mchirizi unapita kwenye matundu. Mimi hapo husimama, nikapima upya kwa penseli ya nta.