Kuunganisha kinanda, adungu na efekti za nje kwenye programu ya kurekodia

Kabla ya kununua kebo hata moja, geuza intafesi (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta na kuitoa) uhesabu matundu yake. Ile yenye njia mbili za kuingia na mbili za kutoka, ambayo wengi huanzia, inatosha kurekodi kinanda au adungu (kinubi cha Uganda). Kwa efekti za nje, yaani vifaa vya kubadilisha sauti vilivyo nje ya kompyuta, haitoshi, kwa sababu njia zake zote za kutoka zimeshachukuliwa na spika. Hapo unahitaji angalau njia nne za kutoka, na nne za kuingia ukitaka efekti irudi kwa stereo huku chombo kingine kimechomekwa.

Tuanze na kinanda. Kikiwa na matundu ya kutolea sauti ya kushoto na kulia, tumia kebo mbili za jeki kubwa. Lakini vinanda vingi vidogo vya kanisani vina tundu la hedifoni tu, na hapo ndipo watu huharibu kazi. Huchukua kebo moja yenye jeki za pete mbili nyeusi, upande mmoja kwenye hedifoni, upande wa pili kwenye tundu moja la intafesi. Tundu hilo limeundwa kupokea tofauti kati ya nyaya mbili, kwa hiyo linaondoa sauti ya kulia kutoka kwa ile ya kushoto. Chochote kilicho katikati, yaani besi, kiki na sauti kuu, kinafutika. Unabaki na vimwangwi vyembamba vya pembeni. Dawa ni kebo ya Y: jeki ya stereo upande wa kinanda, jeki mbili za mono upande wa intafesi, kila moja kwenye tundu lake. Weka sauti ya kinanda robo tatu, chagua Line (ingizo la ishara kubwa) kwenye intafesi, kisha pandisha geini (ukuzaji wa sauti inayoingia) mpaka vilele vicheze kati ya -18 na -12 dB. Ukirekodi kwa biti 24, hakuna faida ya kukaribia sifuri, yaani kikomo cha juu.

Adungu na endongo (chombo kingine cha nyuzi) zinataka kinyume chake. Pikapu ya piezo (kihisi kinachogeuza mtetemo kuwa ishara ya umeme) inayobandikwa kwenye chombo haina nguvu ya kusukuma tundu la Line, ambalo ukinzani wake kwa kawaida ni kilo-omu 10 hivi. Ukiichomeka hapo besi inakufa, inabaki mikwaruzo ya vidole. Bonyeza Inst au Hi-Z, ambako ukinzani ni takriban megaomu 1. Bandika pikapu karibu na pale nyuzi zinapofungwa kwenye uso wa kisanduku, isogeze sentimita moja moja huku mpigaji akirudia uzi ule ule mnene. Nafasi hiyo hubadilisha sauti kuliko kichujio chochote utakachoweka baadaye. Kebo iwe fupi, mita tatu hivi.

MIDI, lugha ambayo kinanda na kompyuta huwasiliana kwayo, haibebi sauti, inabeba maagizo tu. Kwa hiyo kinanda kinachoendeshwa na kompyuta kinahitaji treki mbili: moja ya MIDI ya kutuma noti, nyingine ya kupokea sauti kupitia jeki. Kwa kebo za pini tano, OUT ya mmoja huingia IN ya mwenzake. Kila noti ikilia mara mbili, zima Local Control ndani ya kinanda, yaani mpangilio unaounganisha vitufe vyake na sauti zake.

Sasa efekti. Toa sauti kwa njia ya 3 na 4, ipite kwenye kifaa, irudi kwa njia ya 3 na 4 za kuingia. Programu za kurekodia zina zana ya kazi hiyo: Reaper ina ReaInsert, Logic Pro ina I/O, Ableton Live ina External Audio Effect. Safari hiyo ya kwenda na kurudi huchelewesha sauti. Sampuli 480 kwa kHz 48 ni milisekunde 10, na ngoma itasikika imeachwa nyuma. Tuma mlio mmoja mfupi, rekodi unaporudi, pima pengo, kisha ingiza namba hiyo kama fidia. Wakati wa kupima, weka kifaa kwenye bypass (sauti ipite bila kubadilishwa) ili mlio urudi safi. Ukibadilisha ukubwa wa bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hushika kwa mkupuo), pima upya.

Kama efekti iko kwenye send (njia inayotuma nakala ya sauti kwenye efekti), iweke wet asilimia 100, yaani itoe sauti ya efekti tupu, la sivyo sauti kavu itakutana na nakala yake na kuleta ule mlio wa bombani. Funga send ya treki inayopokea, maana ikijirudia kwenye efekti spika zitapiga mayowe ghafla. Pedali za gitaa ni suala jingine: zimezoea ishara ndogo, kwa hiyo tumia kisanduku cha reamp (kinachoshusha ishara ya intafesi iwe kama ya gitaa), au anza na sauti ya kutoka ikiwa -20 dB na upandishe taratibu.

Ukisikia mvumo mzito usioisha, huo ni umeme wetu wa hertzi 50 unaozunguka kati ya vifaa vyenye ethi tofauti. Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukinyamaza, umepata njia yake. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstenshoni moja. Mvumo ukibaki, weka DI (kisanduku cha kuunganisha ishara ya sauti) yenye transfoma na swichi ya kukata ethi ya kebo ya sauti. Mguu wa ethi wa plagi usiukate kamwe: kifaa kikipata hitilafu, umeme wa volti 240 utapita kwa mpigaji.

Umeme ukikatika, laptopu inaendelea lakini kifaa cha efekti kinazimika, na mpangilio ambao hukuuhifadhi unaweza kupotea. Zima spika mara moja, kabla umeme haujarudi kwa kishindo. Intafesi na efekti zikae kwenye UPS (betri ya akiba). Sauti ikishakupendeza, irekodi kwenye treki mpya palepale, upige na picha ya vitufe kwa simu. Usipoirekodi, wakati wa kutoa wimbo kama faili lazima uchague muda halisi: wimbo wa dakika nne utachukua dakika nne, kwa sababu kifaa cha nje hakiwezi kukimbia kuliko sauti yenyewe.