Jinsi ya Kuhakiki Albamu ya Nyimbo Adimu

Albamu ya nyimbo adimu, yaani mkusanyiko wa nyimbo zilizoachwa au zilizotoka hapa na pale tu, usiianze kwa kusikiliza. Anza na kijitabu cha albamu, au maelezo ya lebo (kampuni iliyoitoa), kisha chora safu tatu daftarini: wimbo ulirekodiwa lini, ulitoka wapi mara ya kwanza, na kama uliachwa, uliachwa kwa nini. Safu ya tatu mimi huijaza kwa penseli, maana hubadilika kadiri ninavyozidi kusoma, lakini ndiyo inayobeba uhakiki wote. Wimbo uliokosa nafasi tu kwenye albamu haupimwi kwa mizani ya wimbo ambao mtunzi hakuwahi kuumaliza.

Nikimfundisha mtu kazi hii humpa Obscurities ya Stephin Merritt, iliyotolewa na lebo ya Merge mwaka 2011 ikiwa na nyimbo 14. Merritt ndiye mtunzi wa The Magnetic Fields, kundi lililotoa 69 Love Songs mwaka 1999, nyimbo 69 za mapenzi katika diski tatu. Hapo ndipo mhakiki mvivu huanguka: anaiweka kazi ile kubwa upande mmoja wa mizani, mkusanyiko huu upande wa pili, halafu anaandika kwamba haya ni makombo. Kwa jumla Obscurities ilipokewa vizuri, na ukitaka kujua sababu, tazama kalenda. Albamu tatu za kundi zilizotangulia, i ya 2004, Distortion ya 2008 na Realism ya 2010, zilitengenezwa bila sinthesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, kwa makusudi kabisa. Msikilizaji aliyekuwa na hamu ya sauti zile za umeme za miaka ya 1990 alizikuta tena hapa, na mwaka uliofuata Merritt mwenyewe akazirudia katika Love at the Bottom of the Sea. Kwa hiyo andika albamu ilitoka lini na msanii alikuwa wapi wakati huo. Bila hayo msomaji hawezi kuelewa kwa nini watu waliifurahia.

Sasa sikiliza, lakini kwa kulinganisha. Kazi hii inachosha, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chukua "I Don't Believe You". Toleo la kwanza lilitoka kwenye santuri ndogo mwaka 1998. Miaka sita baadaye wimbo ukarudi ndani ya albamu ile ya i, ukiwa umevuliwa sinthesaiza zote. Vaa hedifoni, uyasikilize moja baada ya jingine. Mara ya kwanza fuata sauti ya mwimbaji peke yake. Mara ya pili fuata ala, mara ya tatu mwendo. Usiandike neno "bora" kabla hujataja kilichobadilika. Fanya vivyo hivyo na "Take Ecstasy with Me". Kwenye Holiday, albamu ya kundi ya 1994, anaimba Merritt kwa sauti yake nzito ya chini; kwenye Obscurities anaimba Susan Anway, aliyekuwa mwimbaji wa kundi katika albamu zake mbili za mwanzo. Maneno ni yale yale, ila kwa Anway ombi linasikika kama la mtu ambaye bado anaamini atakubaliwa. Sentensi ya namna hiyo inamfaa msomaji kuliko aya nzima ya sifa.

Uliza pia nani alichagua. Mtunzi aliye hai anaweza kukataa wimbo usitoke. Mtunzi na mwimbaji Elliott Smith alifariki Oktoba 2003, na New Moon, nyimbo 24 alizorekodi kati ya 1994 na 1997, ikatoka 2007 baada ya Larry Crane, mtunza kumbukumbu zake, kuzipitia kanda. Humo mna toleo la awali la "Miss Misery", lenye maneno tofauti na yale yaliyosikika katika filamu ya Good Will Hunting. Huwezi kumlaumu Smith kwa mpangilio ambao hakuupanga. Lakini pia usiuache msiba ukupangie alama. Wimbo mwepesi uite mwepesi, kwa heshima.

Kuhusu urefu sina mengi. The Avalanche ya mwanamuziki Sufjan Stevens, ya 2006, ina nyimbo 21 zilizobaki kutoka albamu yake ya Illinois, na kati yake matoleo matatu ya "Chicago". Ni ndefu, ndiyo, ila mimi nayatetea matoleo yale: ukiyasikiliza kwa mfululizo unamwona mpangaji wa muziki akiwa kazini.

Tahakiki za wengine zisome ukishamaliza rasimu yako, si kabla. Kisha rudi kwenye rasimu na ufute kila sentensi inayoweza kubandikwa kwenye mkusanyiko wowote, hasa ile ya "inawafaa mashabiki sugu tu". Badala yake mweleze mgeni aanzie wapi. Kwa Obscurities mimi humwambia aanze na Anway, aisikilize Holiday nzima, ndipo arudi kwenye wimbo wa kwanza wa mkusanyiko.