Kuwasha ruta moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, bila inveta

Wiki iliyopita nilimfungia mfumo huu mama mmoja jirani yangu hapa Tanga, mwenye duka la steshenari. Umeme ukikatika, ruta (kisanduku cha Wi-Fi) inazima na watu waliokuja kujaza maombi mtandaoni wanaondoka, na kompyuta mpakato yake bado ina chaji. Betri ya sola alikuwa nayo, 12V 18Ah, inawasha taa mbili tu. Alishaambiwa anunue inveta. Nikamwomba asinunue.

Inveta huchukua volti 12 za betri ikazipandisha hadi 230, kisha adapta ya ruta inazishusha tena kuwa 12. Kila ngazi inakula umeme, na inveta yenyewe inakula wati kadhaa hata ukiwa hujachomeka kitu. Ruta haina haja na umeme wa ukutani.

Hatua ya 1: Soma kibandiko

Geuza ruta, tafuta volti na ampia. Ikiandikwa 12V endelea. Ikiandikwa 5V au 9V, usiiguse na betri bila konveta (bodi ndogo ya kubadilisha volti) ya kushusha. Soma pia kile kisanduku cha faiba: wengi wanawasha ruta, wanasahau faiba, halafu wanashangaa Wi-Fi ipo na intaneti haipo.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Ruta yake ilikuwa inavuta ampia 0.5, faiba 0.3. Jumla 0.8, mara volti 12, ni kama wati 10. Betri ina wati-saa 216 (12 mara 18). Ya asidi usiitumie kupita nusu, kwa hiyo 108. Ukitoa kinachopotea kwenye konveta, unapata saa 9 hivi. Zinamtosha.

Hatua ya 3: Plagi

Plagi nyingi za ruta zina upana wa milimita 5.5 kwa nje, lakini tundu la ndani ni 2.1 au 2.5. Ya 2.1 haiingii kwenye pini ya 2.5. Ya 2.5 inaingia kwenye pini ya 2.1 lakini inalegea, na ruta itazima kila mtu akigusa meza. Nunua plagi yenye waya wake, usikate adapta ya asili. Utaihitaji siku ya kutafuta hitilafu.

Chanya huwa katikati, ila thibitisha kwa mchoro ulio kwenye ruta. Rangi za waya usiziamini. Ncha nyekundu ya mita ya kupimia volti iingize tunduni, nyeusi iguse nje; mita ikionyesha alama ya kutoa, umegeuza. Maungio lehemu. Kusokota waya na kuzungushia tepu sikubali, hata kwa siku moja.

Hatua ya 4: Konveta na waya (hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima)

Mara ya kwanza nilitumia ile konveta ndogo ya LM2596, inayoshusha tu. Niliifunga mchana, paneli inachaji, betri iko 13.8. Nikapima plagi ikiwa mikononi: 12.0 kamili. Nikaenda nyumbani nimeridhika. Saa mbili usiku simu: "Mwanangu, inazima na kuwaka yenyewe."

Nilirudi nikabadilisha chaneli ya Wi-Fi, nikarudisha mipangilio ya kiwandani, nikaanza kulaumu faiba. Saa tatu zikapita. Mwishowe nilipima pale pale kwenye plagi *ruta ikiwa inafanya kazi*: 10.6. Simu nne zikijiunga kwa pamoja, inaanguka zaidi na ruta inajizima.

Volti zilipotelea wapi? Betri usiku ilikuwa 12.3. LM2596 inahitaji volti za kuingia zizidi za kutoka. Hapo ilikula kama 1.0. Zilizobaki zililiwa na waya. Nilikuwa nimevuta mita 5 za waya mwembamba wa 0.2 mm². Kwenda na kurudi ni mita 10, ukinzani karibu omu 0.86, kwa ampia 0.8 unapoteza volti 0.7. Waya wa 1.5 mm² kwa umbali huo huo unapoteza chini ya 0.1.

Kwa hiyo: waya wa 1.5 mm², na konveta inayopandisha na kushusha yenyewe (nyingi zina koili mbili kwenye bodi). Ya kupandisha pekee haifai, maana betri ya asidi ikichajiwa hufika 14.4 na volti hizo zitapita moja kwa moja hadi kwenye ruta. Kuna wanaofunga betri bila konveta yoyote na ruta zao zinadumu. Mimi kwenye kifaa cha mtu siwezi.

Rekebisha konveta kabla ya kuunganisha ruta. Kuna skrubu ndogo ya shaba juu ya kiboksi cha buluu. Unaweza kuizungusha mara kumi bila mita kusogea. Usidhani imekufa, endelea taratibu upande huo huo au mwingine hadi isome 12.0.

Hatua ya 5: Fyuzi na mahali pa kuchukulia umeme

Fyuzi ya ampia 2 kwenye waya wa chanya, karibu na chanzo. Chukua umeme kwenye matundu ya LOAD ya chaji kontrola (kifaa kilicho kati ya paneli na betri) ili ikate yenyewe betri ikishuka. Waya zote mbili zitoke hapo hapo. Kontrola nyingi za bei nafuu hukata upande wa hasi, hivyo ukichukua hasi kwenye betri, ruta itaendelea kunyonya hadi betri ife.

Hatua ya 6: Pima tena usiku

Hakikisha betri haichajiwi, acha ruta ifanye kazi, jiunge na simu kadhaa, pima kwenye plagi. Dukani kwa mama, betri ikiwa 12.2, plagi ilisoma 11.9, na ruta haikuzima hadi alipofunga.