Umeambiwa hakuna maandiko kuhusu kazi za wanawake? Tafuta hivi

Wadogo zangu wengi wa chuo wananiuliza swali moja, dada nataka kuandika kuhusu wanawake na uchumi, kazi za nyumbani, mama lishe, dada wa kazi, vikoba, ila supavaiza kaniambia maandiko hakuna, nifanyeje? Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo. Nilipeleka mada ya wanawake wanaolima mwani Zanzibar, mwalimu mmoja akanirudishia karatasi akasema katafute mada nyingine, hii haijaandikwa, nikakaa karibu mwezi mzima nasachi "wanawake na uchumi Zanzibar" napata ripoti za miradi zenye picha za akina mama wanacheka, basi. Kumbe maandiko yapo, tena mengi, yamekaa tu rafu nyingine kabisa.

Ndo maana naandika hapa. Kazi ya mwanamke mara nyingi haikuandikwa chini ya neno mwanamke. Imeandikwa chini ya jina la zao, la soko, la ugonjwa, la bahari. Kwa hiyo usianze na jinsia, anza na kazi yenyewe.

Chukua huo mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Ukitafuta kwa neno wanawake unapata kidogo, ukitafuta kwa jina la mmea, Eucheuma au Kappaphycus, mlango unafunguka. Kuna makala ya mwaka 2012 ya Fröcklin na wenzake, wamo watafiti wetu wa hapa nyumbani Narriman Jiddawi na Flower Msuya, inauliza kama wanawake wa mwani wanalipa gharama kubwa mno kwa miili yao ukilinganisha na wanachopata. Hiyo ni makala ya uchumi wa wanawake ukiitazama upande wowote, lakini imetoka kwenye jarida la Aquaculture, jarida la watu wa ufugaji wa samaki! Nyingine ya 1995 iko Ambio, jarida la mazingira. Sasa mtu wa masomo ya jinsia angezikuta vipi? Mimi nilizikuta kwa sababu niliacha kuuliza "wanawake wako wapi" nikauliza "nani kaandika kuhusu mwani".

Kwa hiyo kabla hujawasha hata data kaa na daftari uandike maneno. Upande mmoja majina yote ya kazi hiyo kwa Kiswahili cha mtaani, mfano dada wa kazi, hausigeli, msaidizi wa nyumbani, mtumishi wa ndani. Upande wa pili Kiingereza cha wataalamu, na hapa yanayolipa zaidi ni "unpaid care work", "time use", "social reproduction", "informal economy", "petty trade" na "household production". Upande wa tatu majina ya zamani, maana nyaraka za mkoloni haziongei kama sisi. Utaona na mambo ya kushangaza, kwa mfano zamani watumishi wa majumbani Tanganyika wengi walikuwa wanaume, Janet Bujra ana kitabu kizima cha mwaka 2000 kuhusu jinsi kazi ile ilivyohamia kwa wanawake, sasa kama umesachi wanawake tu nusu ya historia imekupita.

Wachumi nao wana namba zao za kupangia maandiko, zinaitwa JEL codes, toka jarida la Journal of Economic Literature, na watu wengi hawaambiwi. B54 ni uchumi wa kifeministi, J16 ni uchumi wa jinsia, J22 ni mgawanyo wa muda na nguvukazi, D13 ni uzalishaji ndani ya kaya, J46 ni ajira isiyo rasmi. Nenda tovuti ya IDEAS, ghala la maandiko ya uchumi la mtandao wa RePEc, ni bure, ingia kwenye orodha ya JEL ubonyeze namba unayotaka inakumwagia makala. D13 peke yake itakupa kazi ya wiki mbili.

Majarida sasa. Kubwa linaitwa Feminist Economics, limeanza 1995, ni la chama cha kimataifa cha wachumi wa kifeministi, IAFFE, kilichoanzishwa 1992. Ni zuri sana ila makala zake nyingi za kulipia, tutafika huko. Feminist Africa ni bure kabisa, lilianzia Cape Town mwaka 2002 na sasa linatolewa Chuo Kikuu cha Ghana, soma hilo mapema ili usije ukajaza ukurasa wako wa nadharia majina ya Ulaya na Marekani matupu. Halafu AJOL, ndiyo ghala la majarida ya Afrika. Ester Boserup na kitabu chake cha 1970, na Marilyn Waring na chake cha 1988, utawakuta tu, kila mtu anawataja, wasome maana ndo waliouliza kwa nini hesabu za taifa, yaani zile za pato la nchi, hazimuoni mwanamke. Lakini naomba sana, kabla yao au sambamba nao soma Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena, wameandika kuhusu mkulima mwanamke wa Tanzania na malezi yasiyolipwa tangu wengi wetu hatujazaliwa, na wanatajwa kidogo kuliko wanavyostahili, hilo linaniuma. Na kama mada yako ni biashara ndogo mjini, kitabu cha Aili Mari Tripp cha 1997 kuhusu Dar es Salaam, Changing the Rules, chapa ya Chuo Kikuu cha California imekiweka mtandaoni bure, kizima.

Ukishapata makala moja nzuri usirudi kusachi upya. Fungua Google Scholar, chini ya makala bonyeza sehemu inayoonyesha walioitaja, "Cited by", unapata waliokuja baada yake. Halafu nenda mwisho wa makala yenyewe utazame waliotangulia. Moja inazaa kumi, mie makala ile ya mwani ilinipa karibu robo tatu ya vyote nilivyotumia.

Pesa. Ukikuta makala inadai dola 40 usilipe. Jina la makala liweke tena Scholar utazame "matoleo yote", mara nyingi kuna pdf ya awali mahali. Fungua akaunti ya bure JSTOR, unaruhusiwa kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni. Mkutubi wa chuo chako muulize kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia bure au kwa bei ndogo, vyuo vingi vya kwetu vimo ila paswedi inakaa kwa mkutubi na wanafunzi hawajui kama ipo. Ikishindikana kabisa mwandikie mwandishi mwenyewe imeili fupi ya heshima, mistari minne, sema wewe nani, unaandika nini, unaomba nakala, wengi wanatuma siku hiyo hiyo.

Haya tuje kwenye takwimu, hapa nataka tukae maana ndo watu wanapoharibu.

Tanzania Bara tuna Utafiti wa Nguvukazi wa 2006, 2014 na 2020/21, wote unaingia tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na ndani yake kuna sehemu ya matumizi ya muda, yaani mtu kwa saa 24 amefanya nini. Hiyo sehemu ndo dhahabu yako. Zanzibar ina ofisi yake, ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, usichanganye. Kenya wamefanya utafiti wao wa kwanza wa matumizi ya muda mwaka 2021. Kama unataka muda na umaskini kwa pamoja, Taasisi ya Levy ya Marekani wana ripoti ya 2018 ya Ghana na Tanzania, bure, inaonyesha kaya inaweza kuonekana si maskini kwa pesa lakini watu wake hawana muda wa kupumua. Kwa picha ya dunia chukua ripoti ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ya 2018, walihesabu saa bilioni 16.4 za kazi za malezi zisizolipwa kila siku, asilimia 76.2 zinafanywa na wanawake.

Ila kabla hujanakili namba yoyote soma ukurasa wa maana za maneno. Mwaka 2013 watakwimu wa kazi duniani walikutana wakabadilisha maana ya ajira. Zamani mwanamke anayelima mahindi ya kula nyumbani alihesabiwa ana ajira, kwa maana mpya kazi yake inaitwa kazi, inahesabiwa, lakini haimo kwenye ajira. Kwa hiyo ukichukua kiwango cha ajira cha wanawake mwaka fulani ukakilinganisha na cha mwaka mwingine bila kutazama wametumia maana ipi, unaweza kuandika kwamba wanawake wameacha kazi wakati wako shambani vilevile na jembe lile lile. Mfumo wa hesabu za taifa nao una mpaka wake, kuchota maji na kuokota kuni vimo ndani ya uzalishaji, kupika kwa maji hayo hayo na kuni hizo hizo havimo. Huyo huyo mtu, asubuhi hiyo hiyo! Ukilielewa hilo utaelewa nusu ya ugomvi wa uwanja huu.

Na kuna namba zinazozunguka ambazo nakuomba usizitumie. Ile ya kwamba wanawake wanamiliki asilimia 1 ya mali yote duniani, haina utafiti nyuma yake, inarithiwa tu toka miaka ya 1970. Ile ya wanawake kuzalisha asilimia 60 hadi 80 ya chakula cha Afrika nayo, watu wa LSMS, mradi wa tafiti za kaya wa Benki ya Dunia, walipima nguvukazi ya mashambani kwenye nchi sita wakapata wastani wa asilimia 40 kwa wanawake, Niger 24 tu, Tanzania 52, Uganda 56. Najua inauma kuiacha namba kubwa. Lakini 52 yenye ushahidi mtu hakunyang'anyi, na ile ya 80 wakikubana kwenye utetezi wa tasnifu utasimama na nini?

Usisahau vya Kiswahili na vya karatasi. TGNP, mtandao wa jinsia wa pale Mabibo Dar es Salaam, wapo tangu 1993, na kwenye semina zao za jinsia na maendeleo, GDSS, za Jumatano, wanawake wa mitaani wenyewe wanaongea, kaa usikilize uone maneno wanayotumia. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, walikuwa na jarida la Sauti ya Siti, nakala za zamani zina simulizi za kazi usizozipata popote. Kwenye Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani utatafuta kwa karafuu, vibarua, mashamba, na shughulikia kibali mapema maana bila kibali unakaa nje.

Mwisho kuna chanzo ambacho hakijaandikwa, mama mwenyewe. Usimuulize "unafanya kazi?" Mama yangu mie alipoulizwa hivyo na mgeni aliyekuja na fomu alijibu hapana, niko nyumbani tu, na mikono yake inafunga mwani kwenye kamba. Muulize jana ulipoamka ulianza na nini, halafu, halafu, mpaka usiku, andika na saa, na andika na vile vinavyokwenda pamoja, mtoto mgongoni sufuria motoni. Na kama ni watu wa pwani andika na tarehe ya mwezi mwandamo. Mwani unafanyiwa kazi maji ya bamvua, bahari inapotoka mbali, maji mafu, yaani siku ambazo bahari haitoki sana, hawashuki. Maswali ya nguvukazi yanauliza siku saba zilizopita, kwa hiyo ukimkuta wiki ya maji mafu anaweza kukuambia hakwenda shambani hata siku moja na asiwe amekudanganya. Rudi tena bamvua.